Vyoo vya Shule Yangu Kwenye Ukuta wa Baraza

Nilipiga makofi pamoja na wenzangu kabla sijatambua nilichokuwa nakishangilia. Tulikuwa tumekaa kwenye viti vya plastiki katika ukumbi wa baraza la divisheni yetu, hapa Kampala, kwenye mkutano ambao viongozi huitisha ili kuwaeleza wananchi kazi walizofanya. Mhandisi alikuwa akionyesha picha ukutani. Zilipita barabara kabla ya lami na baada ya lami, zikapita taa za mtaani, kisha vikaja vyoo. Akasema hivyo ndivyo vyoo vipya vya umma vya stendi yetu ya teksi, kama wanavyoziita matatu hapa, vimekamilika na vinatumika. Makofi yakapigwa, nami nikapiga, kwa sababu stendi hiyo iko karibu na kwangu, na kwa miaka mingi wachuuzi na abiria walikuwa wakijisaidia nyuma ya vibanda. Nikajiuliza tu vimejengwa lini, mbona sikuona. Ndipo nikamwona twiga kwenye mlango wa choo kimoja.

Twiga yule alichorwa na mume wangu. Alianza na miguu kwa mbwembwe, akafika juu akakuta mlango umekwisha, ikabidi shingo iwe fupi kama ya punda. Hakuna twiga mwingine wa namna ile duniani. Alikuwa ukutani mbele yetu sote, mkubwa kuliko mtu, na chini yake maneno kwamba mradi umekamilika. Mikono yangu ilibaki hewani.

Nieleze mimi ni nani. Ni Mkenya. Nilikuja Kampala na mume wangu alipopata kazi kwenye kiwanda kimoja kule Nakawa. Nilikuwa mwalimu nyumbani, na baada ya kukaa bila kazi nikafungua shule ya chekechea kwenye uwanja wa nyumba tuliyopanga. Maofisa wa afya wa baraza hilohilo walikuja wakaniambia bila vyoo vya watoto sitaruhusiwa kuendelea. Walikuwa na haki, sikubishana nao. Mzazi mmoja akaleta matofali, mwingine mabati, baba wa mtoto mmoja aliyekuwa fundi akajenga Jumapili baada ya ibada. Milango tuliinunua sokoni Nateete ikiwa imetumika, tukaikata iwe mifupi, kwa sababu vilikuwa vyoo vya watoto na nilitaka mwalimu aweze kuona juu ya mlango kama kuna aliyeanguka. Kisha mume wangu akachora wanyama.

Nikiwa nimekaa pale ukumbini nikakumbuka kijana mmoja na msichana mmoja waliokuja shuleni na kamera, wamevaa vitambulisho vya baraza shingoni. Walisema wanapiga picha za mahali penye usafi wa kuigwa. Nilifurahi. Niliwafagilia hata njia.

Nikanyoosha mkono. Nilipopewa maikrofoni nilianza kwa Kiganda changu kibovu, nikakwama, nikahamia Kiswahili. Katika mji huu wako watu ambao Kiswahili bado kinawakumbusha askari wa tawala za mabavu za zamani, na ukumbi ulinyamaza kama vile mwenye bunduki ameingia.

"Vyoo hivyo si vya stendi," nikasema. "Viko ndani ya uwanja wa shule yangu. Ni vya watoto wa chekechea."

Mhandisi alitabasamu. Akajibu kwa upole kwamba milango hufanana, na kwamba mafundi wengi hupenda kuchora wanyama. Nikamwambia mtu mzima akisimama ndani ya vyoo vile kichwa chake kinaonekana nje, kwa hiyo kama ni vya abiria, basi abiria hao ni wa umri wa miaka minne. Watu kadhaa wakacheka. Mwenyekiti wa mkutano hakucheka. Alisema swali langu limepokelewa, tuendelee na wengine, na mtu mmoja akaichukua maikrofoni mkononi mwangu.

Nikamtafuta kwa macho diwani wetu. Alikuwa mwanamke wa makamo, Mnubi, aliyezaliwa mtaa wa Kibuli katika familia iliyotokana na askari wa zamani kutoka Sudan, akaolewa mtaani kwetu. Tulipatana tangu siku ya kwanza kwa sababu ya Kiswahili. Yeye alilelewa nacho nyumbani, mimi nilitoka nacho kwetu, na tulipokutana tuliongea mpaka chai ikapoa. Mjukuu wake alikuwa mwanafunzi wangu. Asubuhi ileile alikuwa amemleta mpaka getini. Alimjua twiga yule kama nilivyomjua mimi. Sasa alikuwa amekaa mstari wa mbele, anatengeneza hijabu yake, anatazama sakafu.

Mama mmoja aliyekaa kando yangu, muuza matunda wa stendi, akaninong'oneza niachane na mambo hayo. "Nyabo, wewe hapa ni mgeni," akaniambia, akiniita bibi kwa Kiganda. Hakusema kwa ubaya. Na yeye ndiye aliyekuwa hana choo.

Nilidhani yameishia pale. Siku chache baadaye, watoto wakiwa kwenye foleni ya kunawa mikono, nilisikia nyundo ikigonga kwenye uzio. Nilipotoka niliwakuta vibarua wawili wa baraza wanapigilia kibao kipya kilichoandikwa choo cha umma, na mshale unaoelekea getini kwangu. Niliwauliza nani amewatuma. Wakasema wametumwa na ofisi, wao hawajui zaidi. Walikuwa bado wanakusanya misumari wakati mwanamume mmoja, kondakta ninayemjua kwa sura, aliposoma kibao, akanipita, akaingia ndani ya uwanja.

Nilimkimbilia nikasimama kati yake na watoto. Nikamwambia hapa ni shule. Akaniambia, bila hasira, kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba hiki ni choo cha serikali, kilitangazwa, na mimi sina mamlaka ya kumzuia mwananchi. Mtoto mmoja alikuwa ameshika kopo la maji na maji yanamwagika kwenye viatu vyake. Mwalimu msaidizi wangu alikuja, akaja pia mzazi mmoja aliyekuwa nje, na kondakta akaondoka akinung'unika. Nilikaa kwenye ngazi. Hapo awali walikuwa wamesema uongo kuhusu jengo. Sasa walikuwa wanataka jengo liufuate uongo.

Diwani alikuja mchana huohuo, watoto walipokwisha kuchukuliwa. Alimwacha mjukuu wake akicheza bembea, akaingia jikoni nilipokuwa naosha vikombe. Nilimkaribisha kiti, sikujua la kufanya lingine. Alinieleza yote polepole. Mwaka wa fedha wa serikali ulikuwa unaisha, na fedha za vyoo vya stendi zisipotumika zingerudi serikali kuu. Mkandarasi alikuwa hajaanza. Mhandisi alimwambia kwamba akisimama kwenye kikao na kuthibitisha kuwa kazi imekwisha, fedha zitabaki na kazi itaanza wiki inayofuata. Alisimama, akathibitisha. Kazi haikuanza. Sasa kamati ya maadili ya baraza, ile inayowachunguza viongozi wenyewe, ilikuwa imesikia maneno yangu ya mkutanoni na ingekuja kuangalia.

"Waambie tu kwamba shule imekubali umma utumie," akasema. "Kwa muda, mpaka vile vya kweli vijengwe."

"Na hawa watoto, dada?"

Alitazama nje kwenye bembea. Nikamwuliza jambo lililokuwa linanisumbua, wale wapiga picha walifikaje kwangu, maana shule yangu haina hata bango barabarani.

"Niliwaelekeza mimi," akasema. "Niliwaambia vyako ndivyo visafi kuliko vyote mtaani."

Nilikuwa na kikombe mkononi nikakiweka mezani kwa uangalifu sana. Mpaka dakika ile nilikuwa nimemhurumia. Nilikuwa nimejiambia alidanganywa, alitishwa, alinyamaza kwa woga. Haikunipitia akilini kwamba alisimama mahali fulani akafikiria ni choo gani kinafaa, akanifikiria mimi. Na alivyolisema, lilikuwa karibu kama sifa.

Nikamwambia kamati ikija nitaifungulia mlango na kuieleza kilichopo. Akainuka, akamwita mjukuu wake, akaondoka bila kunywa chai. Mume wangu aliporudi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kama nimefikiria kibali chetu cha kuishi na kibali cha shule. Nilikuwa nimefikiria. Akasema basi tuwe tumevisafisha vizuri, wasije wakapata kisingizio kingine.

Kamati ilikuja asubuhi, watu watatu, wakiongozwa na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa muuguzi kabla ya kustaafu. Mhandisi alikuja nao, na diwani alikuja nyuma kwa boda boda. Hakuniangalia. Nilikuwa nimemwambia mume wangu kwamba diwani atanikana mbele ya wote, na nilikuwa nimejiandaa kwa hilo, nimepanga hata maneno ya kumjibu.

Yule mama muuguzi hakuuliza kitu. Alikwenda moja kwa moja kwenye choo cha twiga, akaingia, akafunga mlango. Kichwa chake, mabega yake na nusu ya kifua vilibaki nje juu ya mlango. Alitazama tundu dogo la chini, akatutazama sisi. Hakuna aliyecheka. Akiwa bado mle ndani akauliza, "Nani alithibitisha kuwa hivi ni vyoo vya stendi?"

Mhandisi akaanza kusema kuhusu makubaliano na jamii, kuhusu mradi wa hatua mbili.

"Mimi," diwani akasema.

Mhandisi aligeuka akamtazama kama anayemtazama mtu aliyevua nguo barabarani. Diwani akaendelea kwa sauti ya kawaida. Alisema hakuna makubaliano, shule haikuulizwa, vyoo vya stendi havijachimbwa hata shimo, naye alijua hivyo aliposimama kwenye kikao. Alisema na kibao alikijua. Mjumbe mmoja wa kamati alimwambia anaweza kusubiri aseme hayo kwenye kikao rasmi akiwa na mtu wa kumtetea. Diwani akasema ameshayasema.

Nilijua namna ya kupigana naye. Namna ya kumsikia akisema kweli sikuijua. Maneno niliyoyaandaa yalibaki kinywani.

Kibao kiliondolewa siku hiyohiyo na vibarua walewale. Diwani alijiuzulu kabla hajaambiwa. Mhandisi alihamishiwa ofisi nyingine, na sikuwahi kusikia kwamba aliulizwa lolote. Mjukuu hakurudi shuleni kwangu. Vyoo vya stendi vilijengwa baada ya muda mrefu, vya kawaida, na muuza matunda huniambia mara nyingine mwenye ufunguo hupotea mwisho wa wiki.

Nilikutana na yule rafiki yangu, diwani wa zamani, mara moja tu, Kibuli, nilipokwenda kumwona mzazi mgonjwa hospitalini. Alikuwa anatoka msikitini na wanawake wengine. Akawaacha, akaja. Tulisalimiana kwa urefu kama zamani, hali ya nyumbani, ya watoto, ya kazi. Tulipokuwa tunaagana alinishika mkono. "Siku ile sikukupenda," akasema. "Bado sijajua kama nakupenda. Lakini usiku nalala." Kisha akawafuata wenzake.

Mkutano wa mwaka uliofuata ulifanyika ukumbi uleule, na mhandisi mpya, mwanamke kijana, alikuwa amekuja na picha zake. Alipoonyesha ya kwanza, mtaro mpya wa maji ya mvua, hakuna aliyepiga makofi. Muuza matunda, yuleyule, alisimama akasema hatutaki picha, tunataka kwenda kuona. Watu wakaitikia. Mwenyekiti alijaribu kutuliza, akashindwa, na tukajikuta tunatelemka barabarani kundi zima, tumekunja nyuso, wengine wameshatayarisha matusi. Nilikuwa miongoni mwao. Nilikuwa na hakika kabisa tutakuta nyasi tupu.

Mtaro ulikuwepo. Ulikuwa mrefu kuliko ulivyoonekana kwenye picha, kingo zake zimenyooka, na maji ya mvua ya jana yalikuwa yanapita chini bila kusimama. Tulijipanga ukingoni tukautazama. Mzee mmoja alitupa jani ndani, tukalifuata kwa macho mpaka likapotea chini ya daraja. Mhandisi yule alikuwa amesimama kando, viatu vyake vya ofisini vimejaa tope, na nilipomkaribia kumpa pole kwa kutembezwa niliona anafuta machozi kwa kiganja. Aliniambia yeye ndiye aliyeusimamia tangu jembe la kwanza, na hakuna mtu aliyewahi kuja kuangalia.