Dhoruba Haikuja, Ijumaa Ilikuja

Ijumaa ile niliinunua kwa siku ya pili ya Idi. Bei hiyo si ndogo. Siku ya pili ya Idi nyumba ninayofanyia kazi, hapa Azaiba, hujaa wageni tangu asubuhi, sufuria haishuki jikoni, na mimi nilikuwa na haki ya kutoka. Nikamwambia Mama, mwenye nyumba, kwamba nitabaki kuhudumia wageni, ila mwezi unaofuata anipe Ijumaa ya pili badala ya ile ya mwisho niliyoizoea.

"Ijumaa ya pili kuna nini?"

"Ndiyo siku anayotoka mdogo wangu."

Mdogo wangu alikuwa Al Khoudh, kwenye nyumba nyingine, mwendo wa nusu saa kwa gari kama hakuna foleni. Alikuwa na mwezi wa saba Muscat na tulikuwa hatujaonana. Mama yetu mzazi kule Uganda hakuielewa hesabu hiyo. Kila akipiga simu: "Si mko mji mmoja?" Tuko mji mmoja, ndiyo. Lakini miezi ya mwanzo mdogo wangu hakupewa Ijumaa hata moja, na alipopewa, yake ilikuwa ya pili na yangu ya mwisho. Nilipoondoka nyumbani alikuwa bado anavaa sare ya shule. Kwenye video nilikuwa namwona uso, lakini uso wa video ni kama bidhaa iliyo nyuma ya kioo cha duka: huwezi kuishika ukajua uzito wake.

Mimi nimekulia sokoni, mpakani, ambako mama aliuza nyanya na mimi nikawa mkalimani wake. Kiswahili changu nilikipata kwenye bei. Nilitoka huko na tabia mbili zisizotibika: sikubali neno la kwanza, na kila kitu nakihesabu mara mbili.

Wiki ya Ijumaa yetu ilipoanza, watu wa hali ya hewa walisema kuna mvua inajikusanya baharini, wanaifuatilia, na wananchi wawe macho. Hayo tu. Lakini kufika jioni habari ile ilikuwa imeshapita kwenye simu za ukoo mzima, na kila simu iliyoipitia iliiongezea nyama. Watu waliiita "hala." Kwa Kiarabu maana yake ni hali tu, lakini kwenye simu neno lile lilikuwa limeota meno.

Mtabiri mkuu alikuwa mjomba wake Mama, anayeuza magari Wattaya. Alituma ramani yenye duara jekundu. Baada ya saa moja akatuma duara kubwa zaidi. Kisha akatuma video ya gari jeupe linaelea barabarani kama bata. Bibi, mama yake Mama, akavaa miwani akaitazama mpaka mwisho.

"Gari hii nshaiona miaka ile," akasema. "Ndo hii hii. Mpaka leo haijafika inakokwenda?"

Hakuna aliyemsikiliza. Shule zikatangaza watoto wasomee nyumbani. Baba, mume wake Mama, akaenda dukani akarudi na mikate kama mtu aliyeambiwa ngano imeharamishwa. Akaleta na katoni za maji, betri na tochi. Mlangoni tukapanga mifuko ya mchanga. Madirisha nikayapiga utepe wa msalaba, moja baada ya jingine, halafu nikarudi kuyahesabu nisije nikaacha hata moja. Gari la Baba likapelekwa kulala kwa rafiki yake anayekaa mlimani.

Jumatano jioni Mama akanifuata jikoni.

"Mwanangu, Ijumaa hakuna kutoka. Wadi ya Al Khoudh ikishuka, njia inakatika. Ukikwama huko nani atakurudisha?"

Wadi ni bonde la mto lisilo na mto. Karibu mwaka mzima ni mawe na mchanga, mpaka mvua inyeshe milimani, na hapo maji hushuka ghafla kwa nguvu za lori lililokatika breki. Siyo jambo la kufanyia mzaha, na sikufanya. Niliuliza tu, "Na isipokuja, Mama?"

"Itakuja. Duara hulioni?"

Mdogo wangu naye akaandika usiku ule: *Madamu amesema Ijumaa hakuna. Mwezi ujao.* Nikaisoma mara mbili. Mwezi ujao mimi nilikuwa narudi kwenye Ijumaa yangu ya mwisho, na Idi nyingine ya kuuza ilikuwa mbali.

Alhamisi upepo ulivuma kidogo. Kiti cha plastiki kikaanguka uani. Watoto wakapiga kelele za furaha, wakaenda kukisimamisha ili kianguke tena. Hakikuanguka.

Ijumaa asubuhi nikachungulia katikati ya utepe. Jua. Mbingu safi kama sahani iliyotoka kusuuzwa. Mnamo saa nne yakaanguka matone kwenye kioo cha gari la Mama, nikaanza kuyahesabu. Niliacha kwa kuchoka kusubiri kati ya moja na jingine.

Hasira ilianza baada ya swala ya Ijumaa. Baba alirudi akasema msikitini hakuna mazungumzo mengine. Jirani yetu alikuwa amesimama juu ya mifuko yake ya mchanga, mikono kiunoni, mfano wa mtu aliyealika wageni wasitokee. Watoto walinuna kwa sababu waliahidiwa mafuriko. Baba akanyoosha kidole kwenye tone lililokaukia garini: "Watu tumekaa ndani, kazi zimesimama, gari yangu iko kwa watu. Kwa hili?" Mjomba wa Wattaya akatuma ujumbe kwamba hala imebadilisha njia.

"Imebadilisha njia au imemkimbia yeye?" akauliza Bibi.

Mimi sikuwa na ugomvi na mawingu. Mtu wa sokoni anajua mzigo unaweza kuchelewa, unaweza pia usifike kabisa, na aliyekwambia "uwe macho" hajakuuzia chochote. Nilichotaka kilikuwa kimoja, na muda wake ulikuwa unayeyuka.

Mama alikuwa sebuleni, anampigia dada yake simu kwa Kiswahili chao cha Unguja. Wiki ile alikuwa afanye shughuli ya hina ya mtoto wa dada yake, na wenye ukumbi waliiahirisha kwa ajili ya hala. Sasa walikuwa wanamwambia mwezi ujao.

"Nimewambia, pesa zenu sizitaki! Nnataka siku yangu. Mvua haikuja, siku ilikuja. Siku yangu imekwenda wapi?"

Nikangoja akate simu. Sokoni huanzi kupatana bei na mtu aliyekukasirikia wewe. Unaanza na aliyemkasirikia mwenzako.

"Mama, pole kwa ukumbi."

"Wallahi wamenikera."

"Mama, mvua haikuja. Siku ilikuja."

Akaniangalia. "Unanirudishia maneno yangu?"

"Nimeyaazima tu, Mama. Nikimaliza nitayarudisha."

Bibi akacheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. "Saa nane hii. Utakwenda saa ngapi, utarudi saa ngapi? Na mdogo wako mwenyewe kwao hawakumruhusu."

Hilo lilikuwa kweli, na kweli ni kitu kizito kukipunguza bei. Nilikuwa bado natafuta pa kushika Bibi alipoingia kati.

"Mimi nnataka kuiona wadi," akasema. "Mmenifungia ndani kama kuku wa mayai. Nkaonyeshwe wadi."

"Mama, mvua hakuna, wadi itatoka wapi?" Mama akamuuliza mama yake.

"Milimani hujui. Watu wote wanakwenda kutazama."

Na kweli wanakwenda. Huku mtu akisikia wadi imeshuka, anachukua chupa ya chai na mkeka.

"Bibi anataka wadi," nikasema pole pole. "Wadi iko Al Khoudh."

"Na mdogo wako yuko wapi?" Mama akauliza, na alikuwa anajua vizuri sana.

"Kwa bahati, Mama, Al Khoudh."

"Siwezi kwenda mlangoni kwa watu nisiowajua mikono mitupu," Mama akasema, na mimi nikajua tumeshaacha kubishana kama tunakwenda. Tulikuwa tumefika kwenye tunapeleka nini.

Nikaitazama mikate. Ilikuwa imejaa kabatini, juu ya friji, na mmoja ulikuwa umekaa juu ya redio. Nikaanza kuikata. Maziwa, mayai, sukari, zabibu. Bibi akaketi kwenye kiti cha jikoni kunisimamia: "Tia iliki. Tia, usiibanie, si yako." Pudini ikaokwa kwenye sahani ya kioo yenye mfuniko, moja katika seti ya sita anayoipenda Mama kuliko mazulia yake.

Wakati ikiiva, nilimpa Mama namba ya madamu wa mdogo wangu, akapiga simu Al Khoudh. Alizungumza Kiarabu, na mimi Kiarabu changu ni cha jikoni, lakini nilizisikia salamu ndefu, kisha "hala," kisha ulimi ukigongwa kwa kero, kisha kicheko. Hawakuwa wanajuana, lakini walikuwa na kitu kimoja cha kulaumu, na hiyo ni nusu ya urafiki.

"Nusu saa," Mama akaniambia. "Usiniombe dakika juu yake."

Kwa mara ya kwanza nikakubali neno la kwanza.

Kwenye wadi tulikuta magari yamepangwa pembeni mwa barabara kama kwenye harusi. Familia zilikuwa zimekaa kwenye mikeka, vikombe mkononi, zinatazama mawe. Katikati ya mawe kulikuwa na utepe wa maji usiofika kifundo cha mguu, na mbuzi mmoja aliusimamia kama mwenye mali. Mzee mmoja alikuwa anaiuliza wadi kwa Kiswahili cha kwao na Bibi, kwa sauti ya kusikika magari matatu mbele: "Ndo wewe? Ndo wewe ulofungisha maduka?" Watu wakacheka, lakini wengine walikuwa wamekasirika kweli. Mwanamke mmoja alisema safari nyingine akiambiwa hala, atafua mapazia.

Bibi aliitazama wadi kwa muda mrefu, dirisha la gari likiwa wazi.

"Alhamdulillahi," akasema mwishowe. "Hii ndo wadi nzuri. Haikuchukua mtu. Twende, pudini inapoa."

Mdogo wangu alitoka kwenye mlango wa jikoni wa nyumba ile akiwa na aproni. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Hilo video haikunionyesha. Tuliongea lugha ya nyumbani, naiandika hapa kwa Kiswahili.

"Umenipita," nikamwambia.

"Wewe umefupika. Wamekufua kwa maji ya moto?"

Tukakaa kwenye ngazi ya jikoni. Madamu wake alikuwa amempokea Mama na Bibi sebuleni, na tulisikia hala ikisemwa upya huko ndani. Nikaishika mikono yake. Ilikuwa imekauka kwa sabuni kama yangu. Nikahesabu vidole vyake, nikarudia, akanipiga kofi la bega.

"Vyote vipo! Unadhani wananikata?"

"Nilikuwa nahakikisha mzigo umefika."

Alinilalia begani. Alikuwa mzito. Nilifurahi kwamba alikuwa mzito.

"Tutaonana lini tena?" akauliza. "Mimi ya pili, wewe ya mwisho."

Ndani, Bibi alikuwa anaanza kuaga, na kuaga kwa Bibi kuna hatua nyingi. Mdogo wangu akainuka, akaichukua ile sahani ya kioo ili ahamishie pudini kwenye chombo chao aioshe niondoke nayo. Nikamshika mkono.

"Iache."

"Si ya madamu wako?"

"Ndiyo maana."

Akanitazama kama alivyokuwa akinitazama mteja wa sokoni niliyemwambia nyanya ni za leo.

"Sahani ya watu hairudi tupu," nikamwambia. "Huku ndivyo hivyo, na kwa kina Bibi ndivyo hivyo. Lazima madamu wako aitie kitu kabla ya kuirudisha. Na sahani haina miguu."

Akaelewa. Aliirudishia mfuniko taratibu sana.

Garini Mama akauliza, "Sahani iko wapi?"

"Pudini ilikuwa bado imejaa, Mama. Nimeona haya kuwahamishia."

Kwenye kioo cha kutazamia nyuma macho ya Bibi yakakutana na yangu. "Itarudi," akasema. "Wale watu wana adabu."

Siku zilizofuata watu wa Muscat waliendelea kulalamika. Mifuko ya mchanga ikaachwa mlangoni ikawa mahali pa kukalia paka. Mikate tukaila asubuhi na jioni. Mjomba wa Wattaya aliacha kutuma ramani, akaanza kutuma dua. Mama alipofungua kabati la vyombo akahesabu sahani zake: tano. Akahesabu tena, kwa sababu nyumba ile sikuwa peke yangu mwenye ugonjwa huo.

"Seti ina pengo," akasema.

"Ndiyo, Mama."

"Uliiacha makusudi?"

"Mama, mimi natoka sokoni."

Akafunga kabati, akachukua simu. Salamu ndefu, kisha kicheko.

Ijumaa iliyokuwa si yangu wala ya mdogo wangu, kengele ya geti ililia baada ya alasiri. Dereva wa Al Khoudh alimshusha, akasema atampitia magharibi ikikaribia. Mdogo wangu alikuwa amebeba sahani ya kioo kwa mikono miwili, imejaa halwa, na juu yake sahani nyingine ya udongo yenye maua, imejaa kaimati.

"Hii ya pili ni ya nani?" nikauliza. "Nani kakwambia uilete?"

"Ya kwetu," akasema, akanipita kwenda jikoni kama mwenyeji. "Sahani haina miguu, dada."