Uani Kulipobomolewa

Baba alipoanza kupoteza macho hakumwambia mtu. Tulijua siku mteja aliporudi na suruali iliyoshonwa mguu mmoja ndani nje. Baba alikuwa fundi cherehani tangu kabla sijazaliwa, akishonea kwenye baraza ya nyumba yetu hapa Tabora mjini. Ni nyumba ya udongo yenye kuta nene, iliyojengwa na babu yake, mtu aliyekuja na misafara ya pwani akaoa huku na asirudi tena. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba kilichopotea hakirudi. Miaka mitatu baadaye baba hakuona hata mwanga wa mlangoni.

Lakini uani alikuwa hapotei. Alfajiri nilikuwa nikimsikia akitoka chumbani kwake, kiganja kikiparaza ukuta. Anashuka vidato viwili, anakwenda mpaka mguu uguse jiwe la kufulia, anapinda kushoto, anagusa kona ya jiko la kuni, halafu choo. Akirudi anasimama penye pipa la maji anatia udhu, akikohoa kidogo kama mtu aliye na shughuli zake.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi. Nilirudi kukaa naye mama alipofariki. Siku moja nilitoka kazini nikamkuta ameketi chini kando ya lile jiwe, kanzu imelowa, kandambili moja iko mbali.

"Baba, umeanguka?"

"Nilikuwa napumzika."

Hakuvunjika, ila nyonga ilivimba, na tangu siku hiyo darasani nilikuwa nafundisha huku nikimwona yuko chini. Ndipo nikaamua. Jiwe litoke, jiko la zamani livunjwe, uani kusawazishwe na kumwagwe zege, na choo kipya cha kukaa kijengwe karibu na mlango wake. Sikumuuliza. Nilimwarifu tu, akiwa anakunywa uji.

"Sawa, mwanangu," alisema.

Mwalimu mwenzangu alinielekeza kwa fundi mmoja, mtu wa Bukene, aliyemjengea yeye ukuta mzuri. Alikuja na vibarua wawili, akamwamkia baba kwa heshima, akazunguka na kamba yake ya kupimia.

"Wiki mbili tu, dada. Mvua haijaanza, mzee atakuwa na choo chake cha kisasa."

"Si tungekiacha kwanza cha zamani mpaka kipya kiishe?"

"Tukikiacha, mchanga na kokoto tutamwaga wapi?"

Alisema kwa uhakika, nami sijawahi kujenga hata banda la kuku. Niliporudi jioni, uani kulikuwa kweupe. Choo, jiko, jiwe, vyote vimekwenda. Hata vidato vya mlangoni walikuwa wamevivunja. Baba alikuwa amesimama kizingitini, mguu mmoja unapapasa hewani, hapati pa kuukanyaga. Nilimrudisha ndani.

Walichimba shimo siku tano. Siku ya sita fundi hakuja. Nilipopiga simu aliniambia yuko njiani. Kesho yake pia alikuwa njiani. Siku ya tatu alisema amepata msiba kwao Bukene, nikampa pole, na pole yenyewe ilitoka moyoni. Baada ya hapo simu ikawa haipatikani.

Tukawa tunaomba choo kwa jirani wa ng'ambo ya barabara. Nilimwongoza baba asubuhi kabla sijaenda shule, na tena nikirudi saa kumi. Jirani hakuonyesha kuchoka nasi, ila baba alikuwa akijifunika shuka kichwani kila tulipovuka, kama vile mtu asiyeona naye hataonekana. Ndani nilimwekea ndoo yenye mfuniko. Hakuigusa.

Siku moja nilikuta jagi la maji nililomwachia asubuhi limejaa vilevile. Nikakumbuka kwamba na jana lilikuwa hivyo.

"Baba, mbona hunywi maji? Na joto hili?"

"Sina kiu."

Midomo yake ilikuwa imepasuka. Nilikwenda chumbani kwangu nikakaa kitandani na viatu vyangu vya kazini. Nilijua anachofanya, na yeye alijua kuwa nimejua.

Kisha mvua ikaanza. Ilinyesha usiku kucha, na kulipokucha shimo lilikuwa bwawa la maji mekundu, kingo zake zimemeguka, na ukuta wa chumba cha baba umeweka ufa wa kuingia kidole. Nilimwita fundi mwingine. Alichungulia, akaguna.

"Nani kachimba karibu hivi? Nyumba hizi za zamani hazina msingi wa mawe."

"Unaweza kutusaidia?"

"Kazi ya mtu siigusi, mama. Ukuta ukianguka mtasema ni mimi."

Akapanda baiskeli yake akaondoka.

Mmoja wa vibarua ndiye aliyeniambia ukweli, nilipokutana naye sokoni. Fundi hakuwa Bukene tena. Alikuwa shambani kwake, Ntalikwa, analima. Jumamosi nikachukua bodaboda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno, makali kama ya mwalimu mkuu.

Nilimkuta katikati ya matuta na jembe, matope hadi magotini. Aliponiona aliinamisha kichwa. Mkewe, akiwa na mtoto mgongoni, alinikimbilia na kigoda na bakuli la karanga za kuchemsha, akapiga goti kuniamkia. Hakujua nimefuata nini.

"Dada, ningekuambiaje?" fundi alisema. "Msiba ulikuwa wa kweli. Nikarudi, mvua nayo ikashuka. Nisipopanda sasa, hawa watakula nini?"

Nilikaa kwenye kigoda. Nilikula karanga. Nikamweleza habari ya ufa, na habari ya jagi la maji. Alikwangua tope kwenye jembe lake.

"Jumatatu," alisema.

Alikuja Alhamisi ya wiki iliyofuata, lakini alikuja. Alifukia lile shimo akashindilia, akachimba jingine mbali na nyumba, akajengea ule ukuta nguzo ya matofali. Kila jua lilipotoka alimwaga zege, na kila mvua iliponyesha tulikimbia wote kulifunika kwa maturubai. Mwishoni mwa Desemba kazi ilikwisha. Choo kilikuwa kizuri, na sakafu imelala sawasawa. Nilisimama mlangoni nikajisikia nimefanya jambo.

Nikamwita baba atoke. Alivuka kizingiti, akapiga hatua tatu, akasimama. Alisogeza mguu kulia, akausogeza kushoto. Kote kulikuwa sawa, laini, hakuna cha kumwambia kitu.

"Hapa ni wapi?"

"Ni uani, baba."

"Uani kwa nani?"

Fundi aliacha kuosha mwiko wake. Kesho yake alirudi bila kuitwa, akafunga bomba la chuma la kushikia, kutoka mlangoni hadi chooni. Baba analishika, anakwenda, anarudi. Lakini mahali bomba halikufika hakanyagi, na pipa la maji liko upande huo, kwa hiyo siku hizi udhu anatilia chumbani, kwenye beseni, na mimi ndiye ninayemwaga maji.

Juzi, nilipokuwa namkaushia miguu, nilimwambia, "Baba, nilikosea. Ningekuuliza kwanza."

"Ungeniuliza ningekataa," alisema. "Na ningeendelea kuanguka. Sasa ungefanyaje?"

Aliuliza kweli, uso umenielekea, akisubiri. Nilikunja taulo. Nikabeba beseni, nikatoka kwenda kumwaga maji uani.