Dada Deki na Vyumba vya Watu

Mimi si mtu wa subira. Niliseme hilo mapema, ili nikianza kufoka humu ndani usishangae. Naosha masufuria kwenye jiko la hoteli moja kubwa, ugenini, mwaka wa sita huu, na wenzangu wa jikoni wananiita Pilipili. Lakini habari hii si yangu. Ni ya Dada Deki, ambaye kwa miaka mitatu alilala kitanda cha chini na mimi cha juu. Jina hilo nilimpa mwenyewe, kwa sababu sijapata kuona binadamu anayependa kupiga deki kama yeye. Alikuwa akifanya usafi maofisini. Alitoka alfajiri, akarudi saa nane mchana, na akirudi, badala ya kujinyoosha kama watu wengine, alianza kufuta na kwetu.

Kwetu nasema kwa mazoea tu. Tulikuwa wanne katika chumba kimoja ghorofa ya tatu, vitanda viwili vya kupandana, na kabati moja tuliloligawa kwa mistari ya chaki. Dirisha lilitazama ukuta wa jirani. Ukinyoosha mkono unaugusa. Zamu ya bafu ilibandikwa mlangoni, dakika kumi kila mtu, na aliyezidisha aligongewa bila huruma. Hatukukodi chumba, tulikodi kitanda. Mkataba ulikuwa wa mama mmoja aliyeishi mtaa wa pili, na kwenye karatasi za serikali sisi hatukuishi popote.

Mimi hilo halikunisumbua. Dada Deki ndiye lililomnyima usingizi, maana alikuwa na binti. Alimwacha kwa mama yake mzazi akiwa na miaka miwili, akaja kutafuta riziki. Sasa binti alikuwa na tisa. Kila Jumapili walizungumza kwa simu, na upande wa pili unamsikia bibi akimsukuma mtoto: "Haya, mwambie mama umeshika namba ngapi." Mtoto anasema, "Ya nne." Dada Deki anauliza amekula nini, anauliza viatu vya shule vinamtosha, na mtoto anajibu kama anayehojiwa kituo cha polisi. Simu ikikatika, Dada Deki anakifuta kioo chake kwa pindo la shati, anakaa nayo mkononi.

Mwaka ule, baada ya kuzungushwa mpaka tukakoma, kibali cha mtoto kuja kuishi naye kilitoka. Kilibaki kitu kimoja. Mama apeleke mkataba wa nyumba kwa jina lake, chumba chenye dirisha na mlango wake mwenyewe, kabla ya tarehe thelathini ya mwezi uliofuata. Asipopeleka, kibali kinakufa na maombi yanaanza upya, miaka mingine mitatu.

"Miaka mitatu, mdogo wangu," akaniambia. "Atakuja ameshanifikia kimo. Nitamlea nani?"

Tulikuwa na wiki sita. Nikamwambia vyumba vimejaa mji mzima, asiwe na wasiwasi. Unaona nilivyokuwa mjinga.

Tulipiga simu mpaka sikio likawaka moto. "Chumba kipo?" "Kipo, karibuni sana." Kisha mtu anauliza jina, anaisikia lafudhi, na papo hapo, "Aa, samahani, kimechukuliwa sasa hivi." Sasa hivi! Kimechukuliwa na nani, na jini? Kimoja tulikikuta choo kiko jikoni, futi mbili kutoka kwenye jiko la kupikia. Dalali mmoja alituonyesha chumba chenye pazia zuri la maua. Dada Deki akafurahi, akalivuta aone nje. Nyuma ya pazia palikuwa na ukuta.

"Dirisha liko wapi?" nikamuuliza.

"Pazia linamsaidia mtu kujisikia vizuri," dalali akajibu bila hata kupepesa macho. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Wiki ya tatu, siku yetu ya mapumziko, ndipo tulipopata chumba cha kweli. Kilikuwa na dirisha, mlango, na bafu lake, ila kilikuwa kichafu namna ya kutisha. Aliyehama alikuwa amekaanga vitu humo miaka na miaka, kuta zilinata. Sinki lilikuwa jeusi. Dalali akatuachia ufunguo, akasema mwenye nyumba atafika saa kumi tuelewane naye. Ilikuwa saa saba.

Dada Deki akasimama katikati ya chumba, akazungusha macho. Kisha akafungua mkoba wake. Watu wengine mkobani wana wanja na kitana. Yeye alikuwa na glavu, brashi na chupa ya sabuni.

"Unafanya nini?" nikamuuliza.

"Nataka nione sakafu ni ya rangi gani."

Alisugua saa tatu. Nami nikajikuta napanda kiti nafuta dari, maana nilikuwa simwezi. Sakafu ilikuwa ya vigae vyekundu, vizuri ajabu. Dirisha liliposafishwa, tukaona kumbe ng'ambo ya barabara kuna duka la mikate. Mwenye nyumba alipofika alisimama mlangoni akavua viatu. Chumba chake mwenyewe! Akazunguka anagusagusa kuta, akasema, "Sikujua ni pazuri hivi." Akatuambia atatupa jibu kesho. Kesho yake dalali akapiga simu: mzee ameamua kumpa mpwa wake, anaoa.

Nililia kwa hasira. Dada Deki hakulia. Alisema, "Basi, angalau maharusi wamepata pasafi."

Ukidhani alijifunza, hujamjua. Wiki iliyofuata nikiwa kazini akaenda peke yake kutazama chumba kingine, na jioni akarudi magoti yamelowa. Nikajua. Mwenye nyumba wa safari hii alikuwa na haraka zaidi: alipandisha bei nusu nzima palepale mlangoni, huku sakafu haijakauka.

"Hivi wewe unaumwa nini?" nilimfokea. "Nani alikutuma? Unawasafishia bure halafu wanakufukuza!"

Alikuwa amekaa kitandani kwake anachua mikono. "Usinigombeze, mdogo wangu. Mimi siwezi kukiona chumba kabla sijakisafisha. Najuaje kama kuna fangasi chini ya rangi? Najuaje kama mtoto ataweza kulala pale? Watu wanatazama, mimi nasugua. Ndivyo ninavyoona."

Nikamwapisha. Chumba kitakachofuata hatagusa kitu mpaka karatasi isainiwe. Brashi nitaibeba mimi.

Zilipobaki siku nne, mpishi mmoja wa kazini kwangu akaniambia habari za bibi mmoja mwenye jengo dogo la ghorofa mbili, ambaye hataki madalali. Tukaenda mchana, tumevaa nguo zetu za maana. Bibi alitupokea mwenyewe, mwembamba, na fimbo yake, akatupandisha ngazi polepole. Chumba kilikuwa na madirisha mawili. Mawili! Mlango wake, bafu lake, na kijipembe cha jikoni. Na vumbi la kulimia mahindi.

Nikamtazama Dada Deki kwa jicho kali. Akaweka mikono nyuma kama mwanafunzi aliyefika kwa mwalimu mkuu.

"Unakionaje?" bibi akauliza.

"Kizuri, mama."

Bibi akapitisha kidole juu ya rafu, akakiinua tukione, cheusi. "Na hili?"

Vidole vya Dada Deki vilikuwa vinachezacheza nyuma ya mgongo. "Sioni tatizo, mama," akasema.

"Huoni tatizo," bibi akarudia. Akajifuta kidole kwa leso. "Basi, binti yangu, tusipotezeane muda. Aliyetoka humu naye hakuona tatizo. Siwezi kumpa nyumba mtu asiyeona uchafu."

Akatufungulia mlango. Tukatoka. Tulipofika katikati ya ngazi Dada Deki akakaa chini, kwenye ngazi yenyewe, na nguo yake ya maana, akalia. Miaka mitatu sikuwahi kumsikia analia kwa sauti. Mwanamke huyu ameambiwa haoni uchafu! Na aliyemfikisha hapo ni mimi, na ujanja wangu. Nikakaa pembeni yake. Nikamwambia, "Dada, nisamehe. Kosa ni langu," na nililisema kwa moyo wote, jambo ambalo wanaonijua watakuambia si la kila siku.

Dada Deki akapenga kamasi, akainuka, akaanza kupanda.

Bibi alikuwa bado ndani, amekaa kwenye kiti kimoja kilichobaki, anapumzika. Dada Deki akasimama mbele yake, akamweleza yote. Kwamba ana mtoto anayesubiri mkataba huo, na kazi yake ni usafi. Kwamba amesafisha vyumba viwili vya watu na vyote akanyang'anywa vikiwa vinang'aa. Kwamba rafu ile ameiona, na kona za dirisha ameziona, na nyuma ya bomba la sinki kuna kutu ambayo hata bibi mwenyewe hajaiona. "Nilisema sioni kwa sababu nilikuwa naogopa," akamaliza.

Bibi alimsikiliza fimbo ikiwa imesimama katikati ya magoti. "Vizuri," akasema. "Basi safisha nikuone."

Nikamshukuru Mungu. Nikaanza kuitoa brashi.

"Hapana, mama," Dada Deki akasema. "Andika kwanza."

Nilimfinya. Nilimfinya kiunoni kwa nguvu zote, na hakutikisika. Siku nne zimebaki, hatuna pengine pa kwenda, na yeye, aliyewapigia deki watu bure bila kuombwa, leo ndio anakataa!

"Huyo mtoto ana umri gani?" bibi akauliza.

"Miaka tisa. Nilimwacha ana miwili."

"Anakujua?"

"Ananijua sauti," akasema.

Bibi akafungua mkoba wake, akatoa miwani, akatoa fomu iliyokunjwa mara nne. "Nipe kitu cha kuandikia juu yake," akaniambia, nikampa sinia lililokuwa jikoni. Aliandika polepole, na kila neno alilisoma kwa sauti kabla ya kwenda jingine. Dada Deki alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mikono ameikalia. Bibi akauliza majina, akaandika. Akauliza tarehe, akaandika. Akasaini. Dada Deki akasaini. Mimi nikasaini kama shahidi, saini kubwa kuliko zote.

Kalamu ilipowekwa chini tu, Dada Deki akasimama, akanyoosha mkono nimpe brashi.

"Sasa, mama," akasema, "naomba uinue miguu."

Bibi akacheka mpaka akakohoa, na akaiinua miguu kweli, yote miwili, na fimbo yake.

Mkataba ulipelekwa kesho yake. Mtoto akafika baada ya wiki tatu, mwembamba, nywele amesukwa vizuri na bibi yake, begi kubwa kuliko yeye. Pale uwanja wa ndege alimwamkia mama yake, "Shikamoo," akainamisha kichwa, kama unavyomwamkia mkuu wa shule. Dada Deki akaitikia, "Marahaba," akamkumbatia, na mtoto akakubali kukumbatiwa.

Wiki iliyofuata Dada Deki akanijia kazini, mlango wa nyuma, nikiwa na povu mpaka viwikoni. Alikuwa amekonda. "Ni mgeni," akaniambia. "Kila asubuhi anakunja nguo zake zote anazirudisha begini. Anaomba ruhusa kunywa maji. Jana aliniuliza, 'Mama, nikae wapi?' Viti viko viwili, mdogo wangu! Ananiuliza akae wapi!" Nilimwambia mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hakucheka. Nami sikumlaumu.

Jumamosi nikaenda kuwatembelea. Chumba kiling'aa mpaka nikaogopa kukanyaga. Begi la mtoto lilikuwa karibu na mlango, limefungwa zipu. Tukakaa kunywa chai, mtoto amenyooka kitini, magoti pamoja, anaitikia "ndiyo" na "asante". Alipomiminiwa maziwa alishika kikombe kwa mikono miwili, kikamponyoka. Maziwa yakamwagika mezani, yakateremka, yakatapakaa sakafuni mpaka chini ya kitanda.

Mtoto akaganda. "Samahani," akasema kwa sauti ndogo, "samahani, nafuta, samahani," akawa anatafuta kitambaa kwa macho na hajui kiko wapi, kwa sababu siku zote hizo hakufungua hata droo moja.

Mimi nikaruka, nikakikwapua kitambaa kilichokuwa kwenye sinki. Nilikuwa nimeshapiga goti moja Dada Deki aliponishika mkono. Dada Deki huyuhuyu. Macho yake yalikuwa kwenye yale maziwa, na hakuniachia.

"Acha," akaniambia. "Amemwaga kwao."

Tukabaki hivyo, mimi goti chini, maziwa yananifikia kiatuni. Mtoto akamtazama mama yake. Akayatazama maziwa. Akamtazama tena mama yake, kwa muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono, akalivuta jagi, akajimiminia kikombe kingine bila kuomba.