Mikono Bila Uso

Ukifika soko la Kashikishi, pale Nchelenge, kando ya ziwa upande wa Zambia, ukauliza nyumba ya Emilienne, hata mtu aliyekununia atakuonyesha. Ukiuliza anafanya kazi gani, hapo utasikia mengi. Wengine watasema anauza chisense, vile visamaki vidogo vinavyoanikwa mchangani. Wengine watasema ana ukumbi wa video, na vijana watakuambia ni yule mama wa filamu za wauaji. Wote wamesema kweli. Lakini kazi yake kubwa, kwa miaka saba, ilikuwa kumsubiri mtu mmoja akosee.

Mtu huyo aliitwa Hippolyte, na alikuwa na mtumbwi wenye injini. Mwaka wa 2017, vita vilipowafukuza watu upande wa Pweto, ng'ambo ya ziwa kule Kongo, ndiye aliyemvusha Emilienne na watoto wake. Safari ya kwanza ilijaa wanawake na watoto, na mumewe, Guylain, akabaki ufukweni kungoja safari ya pili pamoja na mizigo. Guylain alikuwa mshonaji. Alibaki amebeba kichwa cha cherehani begani, akacheka, akasema hata Yesu akirudi leo, yeye Guylain hataishusha mashine hiyo chini kwenye tope.

Safari ya pili ilifika bila Guylain. Hippolyte alishuka peke yake na marobota ya vitenge aliyokuwa akiyafanyia biashara, akamwambia Emilienne mbele ya watu kwamba mumewe amekataa kupanda. Alisema Guylain amegeuka na cherehani yake, amerudi kwa mwanamke mwingine aliyekuwa naye kule kwao. Alisema hivyo kwa sauti ya huruma, na ile huruma ndiyo iliyouma kuliko maneno yenyewe.

Kambini Kenani, walikopelekwa wakimbizi, Emilienne hakuamini. Wiki nzima na zaidi alienda kwa kila kundi lililoletwa, akauliza wamemwona mwanamume mrefu mwenye cherehani begani. Hakuna aliyemwona. Mwishowe wanawake wakaanza kumhurumia kwa ule upole unaofanana na kucheka. Hakukaa matanga, kwa maana hulii mtu aliye hai kwa hawara. Ndugu za mumewe nao wakasema kama mwanamume amekimbia, basi aulizwe mke alimfanya nini. Kwa hiyo aliishi bila mume na bila kuitwa mjane, na jina la Guylain likageuka mzaha wa wanywaji wa munkoyo.

Lakini Emilienne alikuwa na kitu mfukoni. Kabla ya safari ya kwanza, Guylain alifungua mashine akatoa bobini, kile kigurudumu cha uzi wa chini, na nyumba yake ya chuma, akampa mkewe azishike zisilowe maji. Sasa niambie wewe: mshonaji gani anakimbilia kwa hawara na cherehani, halafu anamwachia mke bobini? Bila bobini cherehani ni jiwe. Hoja hii aliwaeleza wakubwa wa kambi, akamweleza mchungaji, na wote wakaitikia kwa kichwa namna wanavyomwitikia mwenye homa. Akaacha kueleza. Akaamua siku moja Hippolyte aeleze mwenyewe, kwa kinywa chake, na watu wote wasikie.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Mwongo huyu alitembea miaka saba na akanenepa njiani. Alihamia Nchelenge, akanunua injini ya pili, akawa shemasi, akapewa kiti cha mbele kanisani. Kila alipokutana sokoni na Emilienne, naye ametoka kambini kuja kuuza chisense, alimsalimu kwa mikono miwili. Emilienne aliitazama mikono hiyo, mipana, yenye kovu la kamba kwenye kidole gumba, akaitikia salamu vizuri sana.

Riziki ndiyo iliyompeleka kwenye sinema. Mwenye ukumbi wa kwanza alimwajiri awatafsirie Wakongo filamu za nje kwa Kiswahili, amesimama kando ya pazia la kuonyeshea picha akiwa na kipaza sauti. Akasimama hapo miaka miwili, na kwa kuwa filamu alikuwa ameshaziona, akaanza kuwatazama watazamaji. Akagundua kwamba watu hawapigi kelele kisu kinapoingia, wanapiga kelele kabla. Wanaomboleza pale wanapojua muuaji yuko nyuma ya mlango na mwenye nyumba anachemsha chai bila habari. Tena aligundua kwamba kila mtengenezaji ana mkono wake, kama mshonaji. Guylain aliweza kuangalia pindo la suruali akataja fundi. Emilienne naye akafika mahali pa kutazama kidogo tu, majina hayajapita, akasema huyu ni yule wa ngazi na vivuli, huyu ni yule wa mvua, huyu ni yule anayekuchekesha kwanza ndipo aue.

Alipoanza kutengeneza zake, kwa simu, alipiga picha wakati wa kufungwa kwa uvuvi, miezi ya mvua, maana ndipo waigizaji wanapatikana: wavuvi wote wamekaa bure wanagombana na wake zao. Shida ikawa moja. Hakuna aliyekubali kuigiza mwizi. Ukionekana mwizi kwenye filamu Kashikishi, kesho sokoni wanakuita mwizi, na keshokutwa samaki wakipotea wanakuja kwako. Ndipo Emilienne akawaahidi kwamba uso wa mwovu hautaonekana kamwe. Ataonyesha mikono yake, mgongo wake, viatu vyake, basi. Watu wakaupenda mtindo huo mno. Ukumbi mzima ulishindana kubashiri mikono ni ya nani, na mtu akiitwa jina alisimama akainamia watu kwa fahari, maana hakuonekana mwizi, alionekana fundi wa kuigiza.

Alikuwa na hila nyingine pia. Katikati ya kila filamu aliweka kosa la makusudi: mvuvi anafunga nyavu vibaya, mwanamke anasonga bwali, ule ugali wa huku, kinyume. Watazamaji hawakuvumilia. Walisimama kusahihisha, wakapiga ukelele, na katika kelele hizo wakasahau kabisa kwamba walikuwa wanatazama picha. Mtu anayejua kitu hawezi kukaa kimya kikifanywa vibaya mbele yake. Hilo Emilienne alilishika moyoni kama dawa ya panya.

Msimu uliopita, uvuvi ulipofungwa, akamwendea Hippolyte. Akamwambia anatengeneza filamu ya kuvuka ziwa na anahitaji mtumbwi, na zaidi ya mtumbwi anahitaji mikono ya nahodha. Uso hautaonekana, Papa Hippolyte anajua. Akamsimulia kisa: abiria mwenye gunia la unga anakataa kuendelea na safari, anashuka mwenyewe kwenye matete na kupotea. Hippolyte alisikia uongo wake mwenyewe ukirudi kwake umevaa nguo mpya, akafurahi. Pengine aliona mwanamke huyu hatimaye ameukubali.

Walitoka asubuhi, mitumbwi miwili imefungwa ubavu kwa ubavu, hadi penye matete na tope. Katika mmoja alikaa Hippolyte na mvuvi aitwaye Méschac, aliyeigiza abiria. Katika mwingine alikaa Emilienne pamoja na Eness, mama Mzambia mwenye mkono mtulivu, ambaye ndiye mshika simu wa filamu zake zote. Kabla ya kuanza, Emilienne alimnong'oneza Eness kwa Kibemba kwamba leo asiizime simu hata akiambiwa imetosha, na kwamba apige picha uso wa nahodha.

Méschac akasema anashuka, akashuka na gunia lake. Emilienne akasema irudiwe. Akashuka tena. Emilienne akamwambia aruke kwa furaha, kama mtu anayekwenda harusini. Hippolyte alicheka mara ya kwanza. Mara ya pili alitikisa kichwa. Mara ya tatu Méschac aliporuka, mtumbwi ukayumba kijinga, maji yakaingia, na nahodha mwenye uzoefu wa miaka ishirini akashindwa kujizuia.

“Mama, unaharibu,” alisema. “Mutu hashukake mu matete na roho yake. Bwato inashikwa mu potopoto, mu ile tope. Unamwambia, papa, shuka kidogo, utusukume. Anashuka, anasukuma. Bwato ikitoka, unawasha moteri na unaenda. Ukisimama kumungojea, mayi inaingia, vitenge vyote vinaloa. Yeye anabaki mule, mashini ku bega, anaita, anaita. Hata ile mashini hataki kuitupa, njo ile inamuzamisha.”

Méschac alisimama ndani ya maji hadi kiunoni, gunia la unga kichwani, akamtazama nahodha.

“Mashini gani, Papa Hippolyte?” Emilienne aliuliza, taratibu, kama mtu anayeuliza bei.

Hippolyte alitazama lile gunia. “Unga,” alisema. “Minasema unga.”

Kasia lilikuwa karibu na mkono wa Emilienne, na sitakudanganya, alilitaka. Alitaka kuona kichwa kile kikipasuka kama boga. Chuki ilimpanda hadi meno yakauma. Lakini kasia lingemwadhibu Hippolyte mbele ya watu wawili na ndege wa matete, na yeye alikuwa ametukanwa mbele ya Kashikishi nzima. Akasema papa amesema kweli, tufanye vile anavyosema yeye. Na Hippolyte, kwa kutaka kufunika neno lake, akaigiza. Akamwambia Méschac ashuke asukume, akawasha injini, akaondoka na mitumbwi yote miwili bila kugeuka nyuma. Alijua kazi hiyo. Walipomrudia Méschac, alikuwa anatetemeka, na hakuwa anaigiza.

Nyumbani Emilienne alikata filamu kwa subira mbaya. Watu wanasema subira huvuta heri, mimi sijui kama kilichovutwa hapa ni heri. Aliwaomba Eness na Méschac wafunge midomo, wakafunga. Kisha akawaalika watu bure, Jumamosi mchana, siku mbili kabla ya uvuvi kufunguliwa. Alialika hasa wanawake waliopita Kenani, wale wale aliowauliza zamani juu ya mwanamume mwenye cherehani begani. Hippolyte aliletewa kiti cha mbele. Alikuja na suti ya kanisani, pamoja na mkewe Marthe na mchungaji, na maturubai yakashushwa ukumbi ukawa giza.

Mwanzoni ilikuwa filamu ya Emilienne kama zote. Ilionyesha mikono kwenye kamba, kovu kwenye kidole gumba, mgongo wa nahodha. Watu walibashiri haraka, wakamwita Hippolyte, akanyanyuka akainama, wakampigia makofi. Abiria akashuka kwenye matete. Ukumbi ukaguna. Akashuka tena, wakapiga kelele. Mara ya tatu akaruka kama mwenda harusini, wakasimama, wakasema si hivyo, hakuna mtu anayeshuka hivyo.

Hapo picha ikapanda kutoka kwenye mikono, ikapita kifuani, ikafika usoni. Katika filamu zote za mama huyu, uso wa mwovu watu hawakuwahi kuuona. Uso wa Hippolyte ukajaa pazia lote, ukasema maneno yake kuanzia potopoto hadi ile mashini iliyomzamisha mtu. Sauti ya Emilienne ikauliza mashini gani. Uso ukatazama chini, ukasema unga. Na picha ikasimama hapo hapo.

Haikuhitaji kuelezwa. Kila mwanamke pale aliwahi kuulizwa juu ya mashine ile. Wa kwanza alikuwa Florentine, aliyewahi kumcheka Emilienne kwa sauti kule kambini. Alifungua kitambaa cha kichwa, akateremka kutoka kwenye benchi, akakaa chini mchangani, akaanza kulia akimwita Guylain kwa jina. Akafuata mwingine, wakafuata wote, hadi mabenchi yakabaki matupu na sakafu yote ikawa matanga. Marthe, mke wa Hippolyte, alimtazama mumewe mara moja, kisha naye akafungua kitambaa akateremka.

Hippolyte alibaki peke yake kwenye kiti. “Ile ni mucezo tu,” alisema.

Mchungaji akasimama, akaomba picha izimwe ili watu wasali na wasameheane. Emilienne alikuwa bado kando ya pazia, mahali alipokuwa akitafsiri filamu za wengine.

“Pasta, tutasali,” alimwambia. “Ile picha ibakie.”

Akatoka pale, akafungua kitambaa chake cha kichwa na kukaa chini katikati ya wanawake. Alitoa ile bobini, akaiweka kwenye paja lake, akamlilia mumewe kwa sauti kubwa, jinsi mjane anavyolia. Ilikuwa mara ya kwanza.

Hippolyte alitazama huku na huku. Mlangoni walisimama wavuvi, na Méschac alikuwa mbele yao. Wakamwambia Jumatatu hakuna mtumbwi utakaotoka kabla hajawaonyesha matete yale alikomwacha Guylain. Akakubali kwa kichwa. Kisha, kwa kuwa mtu mzima hawezi kukaa juu wakati msiba uko chini, akakunja suruali yake ya suti, akaanza kuteremka naye aje kukaa pamoja na wanaolia. Marthe akanyoosha mguu, akaijaza nafasi iliyokuwapo.

“Baki mu kiti, Papa Hippolyte,” Emilienne akamwambia. “Weye angalia.”