Kofia ya Baba wa Jirani

Harufu ya wanga wa nguo hunirudisha Ladywood, mtaa wangu wa utotoni, kwa jirani yetu mzee. Baba yake alitoka Ayalandi enzi za mipira ya ngozi, akaichezea nchi yake kandanda, akatunukiwa kofia ya mahameli yenye kishada, tuzo ya wachezaji wa timu ya taifa. Ndicho kitu pekee cha baba yake kilichobaki. Nilimwomba mzee aniazime kofia hiyo siku nzima, tukapatana kwa muda wa saa moja tu.

Bibi yangu akaiona. "Kofia ya mtu mzima chafu hivi? Mwenyewe hana mtu nyumbani?" Akaifua, akaitia wanga kama kofia za babu, akaikausha kwa pasi, ikasimama wima.

Niliirudisha. Nyuzi za kishada nilizihesabu mara mbili; zilitimia. Mzee akaigeuza, akaivaa, akacheka mpaka akashika ukuta.

"Baba alicheza matopeni maisha yake yote. Hajawahi kuwa msafi hivi!"