Viti vya Penseli Nyekundu

Karani wa safari hupanga miji ya ng'ambo kwa penseli nyekundu. Kila penye benchi huchora kiti kidogo kwenye ramani, kisha hukipuliza kama chai ya moto. Bibi aliyekuja na binti yake kupangiwa safari kusoma hajui sana, lakini viti alivihesabu vyote. Penseli ilipofika kwenye mnara, ambao ndio hasa bibi alitaka kwenda kuuona, binti yake akadakia:

"Hapo mama atabaki hotelini. Ngazi hataziweza."

Karani akamgeukia bibi. "Lifti yetu imekufa. Mpaka huku ghorofa ya nne umepumzika mara ngapi, bibi?"

"Mara mbili. Zote nikimsubiri huyu."

Karani akalamba ncha ya penseli, akachora kiti katikati ya mnara. "Hiki cha binti yako," akasema, akakipuliza.