Kahawa ya Mzee wa Ufaransa

Nakumbuka asubuhi moja ya mvua, mwanangu, nikiwa msichana niliyeajiriwa kupika hapahapa, katika nyumba hii ambayo sasa umekabidhiwa funguo zake uikarabati. Sisi wa Nyakasimbi tunaiita Ufaransa. Aliijenga Mfaransa mmoja mkulima wa kahawa, ghorofa yenye madirisha marefu kama ya kwao, na watu wakazoea kusema, "Natoka Ufaransa kuchota maji." Usicheke. Mimi nimezeekea Ufaransa na pasipoti sina.

Mfaransa aliporudi kwao, nyumba ikawa zahanati. Zahanati ilipohama, ikajazwa magunia ya kahawa. Nilipokuja mimi ilikuwa bweni la wanafunzi. Katika kugeuzwa kote huko alibaki mtu mmoja, mzee Kaijage, aliyekuwa mpishi wa Mfaransa. Alikaa chumba cha nyuma ya jiko. Mke alishakufa, mtoto hakuwa naye, na wa kumjulia hali nilikuwa mimi tu.

Asubuhi hiyo akaja mkuu wa bweni. Alikitaka chumba kile kiwe stoo. Mzee akamkaribisha, akamsogezea kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna, anayopewa kila mgeni. Mkuu alikuwa Mnyambo kama sisi. Alijua kuwa ukishatafuna kahawa ya mtu, ni aibu kumfukuza siku hiyohiyo. Basi akaweka mikono nyuma.

"Nina haraka, mzee."

Alipotoka, mzee akafunika kikapu chake. "Binti yangu, nifungie virago. Nimeshafukuzwa."

"Mbona hajasema kitu, babu?"

"Amekataa kahawa yangu. Aseme nini tena?"

Akaenda kwa dada yake kule Rugu, na sikumwona tena. Iliniuma, na bado inaniuma, maana chumba chenyewe walikitupia madebe matupu.

Bweni nalo lilihama. Wanangu wa kuwazaa wako mbali, na simu zao ni za sikukuu. Mimi nimebaki chumba kilekile cha nyuma ya jiko. Siku nyingine nasema peke yangu, nisije nikasahau sauti yangu. Sasa nasikia mnaifanya nyumba ya wageni, na chumba changu mtaweka mashine za kufulia.

Igeuze, mwanangu, sikuzuii. Ikikaa bure itaanguka. Ila kabla hujagusa ukuta, uliza nani analala ndani. Na ukiwa na neno zito kwa mtu mzima, usimkwepe. Pokea anachokupa, kaa naye, mtafune pamoja. Ikikubidi umwondoe, rudi siku nyingine umwambie kwa mdomo wako, ukimtazama usoni. Nikiambiwa hivyo nitaondoka bila kinyongo.

Haya, nenda kazini. Mungu aibariki mikono yako, na ukizeeka akupe mtu wa kukuuliza kila asubuhi umelalaje.